Sakafu Moja kwa Hoteli Nzima

Ilikuwa Jumatatu, saa tatu asubuhi. Mvua ya usiku ilikuwa imekatika, jua lilikuwa limetoka, na bustani ya hoteli ilikuwa ikifuka mvuke kama sufuria iliyofunuliwa. Ndani hapakuwa na mgeni hata mmoja. Msimu wa mvua ndio msimu wa matengenezo, na mwaka huu yalikuwa matengenezo ya sakafu.

Meneja alikuwa amepanga sampuli barazani, mbele ya mapokezi. Kulikuwa na kipande cha mbao, kigae cheupe cha kung'aa, kigae cha kukwaruza chenye rangi ya mchanga, kipande cha terazo yenye chembe za marumaru, kipande cha zulia la plastiki na bamba la saruji lililopachikwa kokoto laini za ufukweni. Kando yake aliweka ndoo ya maji, mchanga, sabuni na chupa ya mafuta ya kujikinga na jua. Hivyo ndivyo vitu ambavyo mguu wa mgeni wa ufukweni huviingiza ndani kila siku. Sakafu isiyovimudu haifai, alisema, hata iwe nzuri kama kioo.

"Kioo ndicho kilichotuponza," alisema shangazi yake, aliyesimama mlangoni huku ameshika kiuno. Shangazi alikuwa mkuu wa usafi, na ulimi wake ulikuwa na desturi ya kuingia chumbani kabla yake.

Alisema kweli. Msimu uliopita, Mzee, yaani mwenye hoteli, kaka yake shangazi na baba yake meneja, aliteleza kwenye vigae vyeupe vya ujia na kuvunjika kifundo cha mkono. Akiwa bado chini alisema, "Kuteleza si kuanguka." Shangazi akamjibu, "Basi inuka." Hakuweza. Siku iliyofuata akaja mwanawe wa kwanza, wakili wa mjini, akitaka kumchukua wakaishi pamoja kwenye nyumba ya ghorofa ya nne. Mzee alikataa. Walibishana mpaka chai ikapoa. Mwishowe Mzee alitoa ahadi mbele ya wote: akianguka tena, atafunga sanduku lake mwenyewe na kwenda. Ahadi ya Mzee haikuwa na mlango wa nyuma. Kila mtu alilijua hilo, na wakili alilijua zaidi.

Meneja hakutaka baba yake aondoke. Mzee aliijenga hoteli ile kwa mikono yake, na kila asubuhi aliizunguka peku, kutoka mapokezi hadi chumba cha mwisho, akiwasalimu wafanyakazi, wageni na paka. Mtu wa namna hiyo ukimpandisha ghorofa ya nne hujamtunza. Umemweka rafuni. Kwa hiyo meneja alitafuta sakafu ambayo mguu wa baba yake usingeteleza juu yake, na alikusudia kuipata kwa utaratibu, kama alivyofundishwa chuoni.

Alimwaga maji na mafuta kwenye kigae cha kung'aa.

"Pita hapo," alimwambia fundi wa vigae.

"Mimi?" alisema fundi. "Dada, mimi nina watoto wanaonitegemea."

Fundi huyo aliitwa Pimamaji. Hakuwa na imani na kitu chochote kilichosimama au kulala mpaka akipime kwa kifaa chake cha kupimia usawa. Ilisemekana kwamba hata kitanda cha harusi yake alikipima kwanza, bibi harusi akiwa anasubiri.

Kigae cha kung'aa kikawekwa pembeni. Ikafuata mbao.

"Mbao haitelezi sana, na haina baridi mguuni," alisema meneja. "Shida yake ni chumvi na unyevu."

"Na mchwa," alisema shangazi. "Mchwa ni wageni wasiolipa, na wakati wa kuondoka ukifika hawaondoki."

Zulia la plastiki lilikataliwa kwa sababu gundi yake huachia joto likizidi, na pembe zake hujikunja kama jani kavu la mgomba. Terazo ilisifiwa na kila mtu, lakini kuimimina na kuisugua hoteli nzima kungechukua muda, na wageni wa kwanza walikuwa njiani. Kuhusu kokoto, shangazi alisema kwamba ukizipigia deki, unarudi na mti wa mopu peke yake.

Kikabaki kigae cha kukwaruza. Meneja alikimwagia maji, sabuni, mchanga na mafuta, vyote kwa pamoja. Alivua viatu, akatembea juu yake, akageuka kwa ghafla, akaruka. Kilimshika.

"Huyu hataki kuniachia," alisema, akicheka.

"Bora yeye," alisema shangazi. "Wanaume wote waliokuja hapa waliachia mapema."

Wakati huo Mzee alitokea kutoka bustanini, peku, shati jeupe, mikono nyuma. Daktari alikuwa amemwambia kitambo kwamba macho yake yatafifia polepole. Mzee alisema anaona vya kutosha, na watu walimwamini, kwa kuwa alitembea kama mtu anayeona vya kutosha.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mama. Nasikia mnamwaga maji kama mnaosha lori."

"Tunachagua sakafu. Njoo utoe maoni."

Mzee alikanyaga sampuli moja baada ya nyingine. Hakuzitazama. Alizigusa kwa wayo, taratibu, kama mpishi anayeonja mchuzi. Alipofika kwenye kigae cha kukwaruza alisimama.

"Huyu ana meno."

"Lakini haumi. Ndiye niliyemchagua."

"Atakwenda wapi?"

"Kote, baba. Mapokezi, ujia, ukumbi wa chakula, vyumba. Kutoka mlango wa mbele hadi chumba cha mwisho."

"Kote huyu huyu?"

"Huyu huyu. Tutaondoa viraka vyote."

Neno hilo la viraka meneja alilitamka kwa utulivu, lakini lilikuwa na historia. Mzee aliijenga hoteli kipande kwa kipande, kadiri alivyojaliwa. Mapokezi yalikuwa ya saruji nyekundu iliyong'arishwa kwa nta. Ujia ulikuwa wa vigae vyeupe, vya mwaka ambao biashara ilinoga. Ukumbi wa chakula ulikuwa wa terazo, na upande wa vyumba ulikuwa wa mbao. Mgeni mmoja aliwahi kuandika kwamba kutembea ndani ya hoteli ile ni kama kutembea juu ya shuka la viraka. Meneja aliyasoma maneno hayo mara nyingi kuliko yalivyostahili. Chuoni walimfundisha kwamba sakafu moja huipa nyumba sura moja. Ukweli ni kwamba alitaka kumlinda baba yake, na alitaka pia kuacha kuona aibu. Alipoyaona mambo hayo mawili yanatimizwa na kigae kimoja, alifurahi, na hakuendelea kuuliza.

Mzee aliendelea kusimama, mguu juu ya kigae.

"Na saruji nyekundu ya mapokezi?"

"Inatoka."

"Mbao?"

"Zinatoka pia. Kuna tatizo, baba?"

"Hakuna," alisema Mzee. "Sawa, mama. Endelea." Akarudi bustanini, mikono nyuma.

Kazi ilianza siku hiyo hiyo. Pimamaji na wenzake walivunja saruji nyekundu, wakang'oa vigae vyeupe, wakasawazisha chini, wakapima, wakatandika. Kila kigae kilipokaa, Pimamaji alikigonga kwa nyundo ya mpira na kutega sikio. Kigae kilichoshiba saruji hutoa sauti nzito. Chenye uwazi chini yake hulia kama debe, na kilicholia kilitolewa kikatandikwa upya, hata kama fundi mwenyewe ndiye aliyekitandika na njaa inamuuma.

Kufikia Alhamisi mchana, mapokezi yalikuwa yamekamilika, ujia umekamilika, na hata stoo ya mashuka, ambayo ilikuwa na sakafu ya saruji chakavu, ilikuwa imepata vigae vile vile. Meneja alisimama mlangoni akaiangalia sakafu yake. Ilikuwa moja, tulivu, rangi ya mchanga uliotoka kuachwa na maji. Alipiga picha, kisha akapiga nyingine kutoka upande wa pili.

Alhamisi hiyo hiyo jioni walikuja mawakala wawili wa safari, mume na mke, kuikagua hoteli kabla ya msimu. Meneja aliwakaribisha ukumbi wa chakula na kuwaandalia chai. Ilikuwa kazi ya Mzee kuwakaribisha rasmi. Alikuwa na hotuba yake fupi, na hakuna mgeni aliyewahi kulala hotelini pale bila kuisikia.

Mawakala walikunywa chai. Mzee hakutokea. Walikunywa vikombe vya pili, wakaisifu sakafu, wakaaga. Meneja aliwasindikiza hadi kwenye gari na kuomba radhi kwa niaba ya baba yake. Aliporudi jikoni, alimkuta shangazi anacheka mpaka machozi yanamtoka.

"Kaka yangu atanimaliza," alisema shangazi. "Niko stoo, nakunja. Mashuka nimeyatundika kwenye kamba kwa sababu ya hii mvua. Mara mlango unafunguliwa. Mzee huyo. Anasimama wima, anakunja mikono kifuani. 'Karibuni sana,' anasema. 'Nyumba hii ni ndogo lakini moyo wake ni mkubwa.' Anayaambia mashuka!"

Wapishi waliangua kicheko.

"Ukamwambiaje?" aliuliza meneja.

"Nikamwambia, 'Asante, Mzee, tumekaribia. Ila sisi mashuka hatunywi chai.' Akacheka. Akasema alikuwa anafanya mazoezi ya hotuba. Akaondoka zake."

Meneja naye alicheka. Kicheko kilifika nusu kikakwama. Baba yake alitania kuhusu mambo mengi, pamoja na mazishi yake mwenyewe, lakini hakuwahi kutania kuhusu kumkaribisha mgeni. Tena mlango wa stoo ulikuwa mlango mmoja tu kabla ya ule wa ukumbi wa chakula, upande ule ule wa kushoto.

Asubuhi ya Ijumaa aliamka mapema akaenda kusimama ujiani, ameegemea ukuta. Hakujificha. Alisimama tu, mahali ambapo mtu yeyote mwenye macho angemwona.

Mzee alikuja kutoka upande wa vyumba, ambako mbao za zamani zilikuwa bado hazijaguswa. Alikuja kwa mwendo wake wa siku zote, haraka, mikono nyuma. Mbao zilipokwisha na vigae vipya vikaanza, alisimama. Mikono ikatoka nyuma. Mmoja uligusa ukuta, mwingine ulitangulia mbele, na Mzee akaanza kutembea kama mtu aliyebeba bakuli lililojaa hadi ukingoni. Alimkaribia meneja. Alimpita karibu kiasi kwamba meneja alisikia harufu ya sabuni yake. Mtu aliyewasalimu paka alimpita mwanawe bila kumsalimu.

"Shikamoo, baba."

Mzee alishtuka, bega likagonga ukuta.

"Marahaba, mama. Aa, sikukuona. Taa za humu, unajua..."

"Taa zimezimwa, baba. Kumekucha."

Ujiani palikuwa na masanduku ya vigae yaliyobaki. Meneja alimshika baba yake mkono, wakaketi juu ya masanduku hayo.

"Tangu lini?" aliuliza.

"Si jambo la siku moja. Lilikuwa linakuja, likaja. Mwanga nauona. Mtu simwoni mpaka aseme."

"Lakini unatembea hoteli nzima. Hugusi hata ukuta!"

"Nilikuwa sigusi," alisema Mzee. "Saruji nyekundu, niko mapokezi. Vigae vya baridi, niko ujiani. Kikifika kile kilichopasuka pembeni, nageuka kushoto, napata terazo, naanza hotuba. Mbao, niko vyumbani, na kila ubao una mlio wake. Nilizitandika mwenyewe. Mguu wangu unazijua kama ulimi unavyolijua jino bovu." Akasugua wayo kwenye kigae kipya. "Huyu hanitelezeshi, nasema kweli. Lakini haniambii kitu. Niko mapokezi, niko stoo, niko mwezini, yeye ni yule yule. Jana nilidhani stoo ndiyo ukumbi, mmekwisha kuutandika."

Meneja alimgeukia.

"Kwa nini hukusema Jumatatu? Nilikuuliza!"

"Ungemwambia kaka yako."

"Nisingemwambia."

"Ungemwambia, mama, na ungefanya vizuri. Halafu angenichukua bila kungoja nianguke. Tena ulisema viraka. Nikajua unaona aibu. Na mimi nilikuwa na aibu yangu. Nikasema hewala, nyumba moja haiwezi kubeba aibu mbili zikigombana."

Meneja alikuwa amechagua sakafu kwa maji, mchanga, sabuni na mafuta. Miguu ya baba yake aliipima kwa jambo moja tu, kuteleza. Hakuwahi kufikiri kwamba miguu ile ilikuwa na kazi nyingine.

Alimwita Pimamaji, akamweleza. Shangazi naye alikuja, akasikia, akakaa chini kwenye sanduku, na kwa mara ya kwanza katika maisha yake akakosa mzaha.

"Nibomoe?" aliuliza Pimamaji. Aliitazama kazi yake ya siku nne kama mtu anayeulizwa kama amchinje mbuzi wake wa pekee.

"Usibomoe," alisema meneja. "Maji yamekwisha mwagika. Saruji nyekundu ya zamani hairudi. Tunachotaka ni sakafu isiyomtelezesha na inayosema naye. Unaweza kuondoa vigae vichache tu, kwenye kona na milangoni?"

"Naweza. Niweke nini?"

"Muulize yeye."

Zile sampuli zililetwa tena. Safari hii hazikumwagiwa kitu. Mzee alizikanyaga, na watu watatu walisimama wakimsikiliza. Kokoto alizitaka mlangoni mwa ukumbi wa chakula, mkanda mpana unaokata ujia. Mbao, na terazo ya ukumbi wa chakula, alitaka zibaki zilipokuwa.

"Na mopu yangu?" aliuliza shangazi.

"Mopu itavumilia," alisema Mzee. "Mimi nimekuvumilia tangu umezaliwa."

"Na mapokezi?" aliuliza meneja. Mapokezi ndiyo yaliyokuwa magumu. Yalikuwa ukumbi mpana usio na ukuta wa karibu, na upande mmoja ulifunguka moja kwa moja kwenye ngazi za bwawa la kuogelea.

"Mapokezi tutafikiri," alisema Mzee.

Tatizo lilikuwa kwamba hapakuwa na muda wa kufikiri. Wakili alikuwa anakuja kesho yake kuiona sakafu mpya. Pimamaji alianza kung'oa mlangoni mwa ukumbi wa chakula. Meneja alimpeleka baba yake pembeni.

"Baba, nitamwambia."

"Ahadi ilikuwa kuanguka," alisema Mzee. "Sijaanguka."

"Najua."

"Basi kaa kimya. Keshokutwa atarudi mjini."

"Mficha maradhi, kifo humfichua," alisema shangazi kutoka mbali. Hakuna aliyekuwa amemkaribisha katika mazungumzo hayo.

Jioni Mzee alikula peke yake, na meneja alipomtakia usiku mwema alimwitikia kama anavyoitikiwa mkusanya kodi.

Wakili alifika Jumamosi kabla ya saa sita, koti la suti mkononi, viatu vyeusi, simu sikioni. Meneja hakumngoja aketi. Alimwambia pale pale kwenye maegesho: baba haoni, alikuwa akiisoma hoteli kwa miguu, na yeye meneja ndiye aliyefuta maandishi.

Wakili alikata simu bila kuaga aliyekuwa akiongea naye.

"Haoni, na mnamwacha kwenye nyumba yenye bwawa?"

"Kaka, nimejua jana."

"Na mimi nimejua leo. Leo naondoka naye."

Walimkuta Mzee amekaa kwenye kiti upande wa vyumba, shati limepigwa pasi, miguu imekanyaga mbao.

"Shikamoo, baba. Unaniona?"

"Marahaba. Nakusikia vizuri sana. Umenenepa, viatu vinalalamika."

"Baba, si wakati wa mzaha."

"Niliahidi kwamba nikianguka nitakuja. Nimeanguka?"

"Hukuanguka. Ulificha."

"Kuficha hakumo katika ahadi. Wewe ndiye wakili, ungeiandika vizuri."

Wakili alivuta pumzi. Meneja aliogopa, kwa sababu alimjua kaka yake: sauti yake inapopungua, hasira yake inapanda. Lakini wakili alisema taratibu, "Sawa. Tembea. Mzunguko wako wote, kama kila siku. Mimi nitafuata nyuma. Hakuna atakayesema neno wala kukugusa. Nitaona mwenyewe."

"Kama mahakamani."

"Kama mahakamani."

Mzee aliinuka. Juu ya mbao alitembea kama kijana. Alitaja kila chumba bila kuulizwa, na kwenye chumba kimoja aliongeza, "Hapa ndipo ulipolia siku ya kwanza ya shule, wakili wangu." Mbao zikaisha, vigae vikaanza, akapunguza mwendo. Mkono ulitaka kutoka nyuma. Aliurudisha. Ujiani alitembea akikokota wayo kidogo, akitafuta. Mguu ukakuta kokoto. Pimamaji alikuwa amezimaliza usiku na kuzitandikia ubao ili zisikanyagwe zikiwa mbichi, na asubuhi alikuwa ameuondoa. Mzee alisimama juu ya kokoto, akatabasamu, akageuka kushoto, akaingia ukumbi wa chakula.

"Dada, hujambo?" alisema upande ambao shangazi alikuwa kimya, mkono mdomoni. Alikuwa amesikia bangili zake.

Alitoka, akafuata ujia, akaingia mapokezi. Hapo hapakuwa na mkanda, wala mbao, wala ukuta. Palikuwa na sakafu moja pana, na viti ambavyo mafundi walikuwa wamevisogeza. Mzee alikwenda hadi katikati. Kisha akaanza kupinda kuelekea upande wenye mwanga. Mwanga ulikuwa wa bwawa.

Meneja alifungua mdomo. Wakili aliinua mkono kumzuia.

Mzee alisimama. Mguu mmoja ulisugua kigae, ukarudi, ukasugua tena. Kigae hakikusema kitu. Aligeuza uso upande huu, akaugeuza upande ule. Wote walijua anachoweza kufanya. Angeweza kukisia na kuendelea. Angeweza kusimama akasema kwamba anavutiwa na upepo, na kungoja mtu akohoe. Alikuwa na mizaha ya kutosha.

"Hapa sijui," alisema.

Alisema kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayearifu kwamba sukari imekwisha.

"Hapa sijui nilipo," alirudia. "Nani yuko karibu?"

Wakili alivuka ukumbi kwa hatua ndefu.

"Niko, baba."

"Nipe bega."

Wakili alimpa bega. Walisimama hivyo kwa muda, mmoja na viatu, mwingine peku. Shangazi alipenga kamasi kwa sauti, na Pimamaji akapata kitu cha kupima ukutani.

Walipoketi, wakili alimgeukia dada yake.

"Ningemkuta ameanguka, ningemchukua. Angejifanya anaona, ningemchukua upesi zaidi, maana mtu wa hivyo siku moja tunamwokota bwawani."

"Na sasa?"

"Sasa sina kosa la kumshtaki." Alijifuta uso. "Kwangu ni kigae kimoja, mdogo wangu. Kutoka mlangoni hadi jikoni, mpaka roshani. Sijawahi hata kukitazama. Angekaa kwenye kiti kimoja mchana kutwa, akisubiri nitoke kazini."

"Mimi nimekaa hapa, nasikia mnavyonijadili," alisema Mzee.

"Vizuri, maana kuna masharti," alisema wakili. "Bwawa lizungushiwe uzio. Mapokezi yafanyiwe kazi kabla mgeni hajaingia. Na kuanzia leo mtu yeyote akikutana nawe asalimu yeye kwanza, kwa sauti, na ataje yeye ni nani. Asipite mtu kimya."

"Mimi ndiye mwenye nyumba. Mimi ndiye ninayesalimu kwanza."

"Baba."

Mzee alifikiri. Ilionekana kwamba sharti hilo lilimwuma kuliko uzio, kuliko hata macho.

"Wafanyakazi, sawa," alisema mwishowe. "Wageni nitawasalimu mimi. Wao watakuwa wanaongea tu, wageni hawajui kunyamaza."

"Sawa."

"Iandike vizuri safari hii."

Wakili hakuiandika. Walipeana mikono.

Baada ya hapo kila mtu alishika lake. Pimamaji alichora kwa chaki njia ya terazo ya kukata mapokezi kutoka mlangoni hadi ujiani, akaipima mara tatu, akaenda kula. Shangazi aliwakusanya wafanyakazi jikoni akawafundisha kusalimu kwa majina, na aliyenong'ona alirudia. Wakili aliahirisha kesi yake ya Jumatatu na kwenda kutafuta fundi wa uzio. Mzee alikunywa chai, akataka yenye sukari zaidi, akalala mpaka alasiri. Meneja alirudisha kwa muuzaji masanduku ya vigae yaliyokuwa hayajafunguliwa, kisha akaandika maelezo mapya ya hoteli kwa ajili ya wageni, na katika sentensi ya kwanza akaeleza kwamba sakafu za nyumba hii ni za aina nne.